Hofu iliyonizuia kwenda kuzika

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Leo nataka nikuulize swali moja. Kwa kuwa hakuna atakayekusikia unapolijibu, naomba ulijibu kwa kweli. Unaogopa nini? Siulizi habari za vita, njaa au kifo, maana hayo kila mtu anayaogopa. Nauliza juu ya kile kitu kidogo ambacho ukikiona moyo unakwenda mbio, jasho linakutoka na miguu inataka kukimbia, ilhali wenzako wamekaa pale pale wanakucheka.

Namfahamu askari mstaafu, mtu aliyelala porini miezi mingi, ambaye akimwona kinyonga hupanda juu ya kiti. Namfahamu mwalimu anayesimama mbele ya watoto 100 bila wasiwasi, lakini akiombwa kusoma risala katika harusi, usiku wa kuamkia siku hiyo halali. Jirani yangu mmoja ni mama muuza samaki, mkali wa maneno hata madalali wanamkwepa, lakini mende akipita jikoni chakula hakiivi mpaka mtoto aje amwue. Wapo wanaopanda ngazi hadi ghorofa ya saba kwa kuiogopa lifti. Wapo ambao radi ikipiga hujifungia chumbani na kujifunika blanketi gubigubi mchana kweupe.

Tunawacheka watu hawa. Mimi nami nilikuwa nikiwacheka, huku nikiificha hofu yangu mwenyewe. Leo nitakueleza hofu hiyo ilivyonifanyia.

Lakini kwanza tuitendee hofu haki. Hofu si ugonjwa na wala si aibu. Mwanadamu asiyeogopa chochote hafiki uzeeni. Wazee wetu walisema: kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Ukikutana na nyoka njiani, kabla hujapata hata nafasi ya kufikiri, mwili umekwisha kujiandaa. Tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu kemikali iitwayo adrenalini. Moyo hudunda kwa kasi, pumzi huongezeka, damu nyingi hukimbilia katika misuli ya miguu na mikono, na mdomo hukauka. Yote hayo ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Mwenye kuumba viumbe hakukosea hapo.

Shida huanza pale mwili unapofanya maandalizi hayo yote kwa ajili ya kitu kisicho na hatari, au chenye hatari ndogo sana. Hofu ya namna hiyo wataalamu huiita fobia, neno lililotoka katika lugha ya Kigiriki. Nayo ina alama zake. Kwanza, inapita kiasi, na mara nyingi mwenyewe anajua kuwa inapita kiasi, lakini kujua hakumsaidii. Pili, inakaa muda mrefu, miezi sita na zaidi, aghalabu miaka mingi. Tatu, na hii ndiyo kubwa, inamfanya mtu apange maisha yake kwa kuizunguka. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 22 za mabara mbalimbali na kutangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba watu wapatao 7 kati ya kila 100 hupatwa na fobia ya kitu fulani wakati mmoja au mwingine wa maisha yao. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, katika basi moja lililojaa wamo wanne au watano. Humjui hata mmoja wao, kwa sababu wote wamenyamaza.

Sasa nije kwangu.

Mimi ni mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe. Mtoto wa Ukerewe anayaogopaje maji? Tulioga ziwani, tulivua ziwani, na kwenda mjini Mwanza kwa meli kulikuwa kama mtu wa bara anavyokwenda gulioni. Nilipokuwa kijana nilipata kazi ya ukarani Mwanza, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikipanda meli kwenda Nansio kumsalimu mama na dada yangu.

Tarehe 21 Mei, 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza kilomita chache kufika bandari ya Mwanza. Watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Mimi sikuwamo, wala ndugu yangu hakuwamo. Lakini nilikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda kusaidia kuchimba makaburi kule Igoma. Sitakusimulia niliyoyaona. Itoshe kusema kwamba nilirudi nyumbani nikaoga mara tatu.

Mwezi uliofuata nilikwenda bandarini nikiwa na tiketi mkononi. Nilipokaribia daraja la kupandia melini, magoti yalilegea, kifua kikabana, nikaona kana kwamba nami nakufa pale pale. Niligeuka nikaondoka. Nilipofika barabarani na kupata kivuli, moyo ulitulia, nikajisikia raha kubwa ajabu. Jioni nilituma salamu nyumbani kwamba nimeshikwa na malaria.

Ikumbuke raha hiyo niliyoisikia pale kivulini, ndugu msikilizaji, maana ndiyo iliyoniponza. Hofu hunenepa kwa kulishwa raha ya kukimbia. Kila unapokikwepa unachokiogopa, mwili unapata nafuu, nao unajifunza kwamba ulipona kwa sababu ulikimbia. Mara ijayo unakimbia mapema zaidi. Mimi nilianza kwa kuiacha meli ya Nansio. Kisha nikaacha kivuko cha Kamanga, ambacho ni safari fupi tu. Kisha nikawa sipendi hata kupita barabara ya bandarini. Ukichukua gari kwenda Ukerewe kwa njia ya Bunda, unafika Kisorya na bado kuna maji ya kuvuka. Basi, kisiwa nilichozaliwa kikawa mbali kuliko Ulaya.

Dada yangu ndiye aliyekuwa akinifuata. Mara mbili au tatu kwa mwaka alipanda meli akaja na machungwa, mihogo na samaki wakavu. Kila mara nilimpa udhuru: kazi nyingi, bosi mkali, malaria. Hakunihoji hata siku moja.

Mwaka 2017 dada yangu alifariki dunia. Nilifika bandarini na sanduku, na shati jeusi nimevaa. Nilikaa pale nikiwaangalia watu wakipanda, hadi meli ikang'oa nanga. Nilimpa mpwa wangu rambirambi aende nayo. Dada aliyenifuata miaka 20 nilishindwa kumfuata siku moja. Hilo, ndugu zangu, silo jambo la kuchekesha.

Mwaka uliofuata, tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho kilikuwa kimebeba watu wengi kupita abiria 101 kilichoruhusiwa kubeba. Watu zaidi ya 220 walikufa. Nikawaambia watu wa nyumbani kwangu: mnaona sasa? Nilidhani nimepata ushahidi. Lakini binti yangu akanijibu kwa adabu: "Baba, kuogopa chombo kilichojaa ni busara. Wewe unakiogopa hata kile kilichofungwa gatini hakina mtu."

Sikuwa na jibu. Hofu njema hukufanya uulize maswali. Wamepanda wangapi? Maboya ya kujiokolea yako wapi? Hali ya hewa ikoje? Ukipata jibu baya hupandi, na ukipata jibu zuri unapanda. Hofu iliyogeuka maradhi haisikilizi jibu lolote. Nami sikuwa nimeuliza swali hata moja kwa miaka 22.

Binti yangu alinishauri niende hospitali kuonana na mtaalamu wa saikolojia. Nilikasirika. Nilisema, unataka watu waseme baba yako ni wa kupelekwa Mirembe? Hivyo ndivyo tulivyo wengi wetu. Hospitali ile ya Dodoma imetibu watu tangu mwaka 1927, nasi tumeligeuza jina lake kuwa tusi, kwa hiyo mtu mwenye maradhi madogo ya moyo na fikra anaona bora afe nayo. Ilinichukua miezi kadhaa kukubali.

Mtaalamu yule alinieleza mambo ambayo natamani ningeyajua zamani. Hofu za namna hii, alisema, humwingia mtu kwa njia tatu: kwa kupatwa na jambo, kwa kumwona mwingine akiogopa, au kwa kuambiwa. Njia ya kwanza tunaijua tangu zamani katika methali yetu: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 1920 huko Marekani, mtaalamu John Watson na msaidizi wake Rosalie Rayner walimfanyia majaribio mtoto mchanga asiyeogopa panya mweupe. Kila mtoto alipomgusa panya, waligonga chuma kwa nyundo nyuma yake kwa kishindo. Baada ya muda mtoto akawa analia akimwona panya hata pasipokuwa na kishindo, na hofu ikahamia kwa sungura na vitu vyenye manyoya. Lilikuwa jambo la ukatili kumfanyia mtoto, na leo lisingeruhusiwa. Lakini lilithibitisha kwamba hofu inaweza kufundishwa.

Njia ya pili ilionekana kwa nyani. Katika miaka ya 1980, Susan Mineka na wenzake waliwachukua nyani waliolelewa maabara, wasiojua nyoka ni nini, wakawaonyesha nyani wengine wakimwogopa nyoka. Kwa kutazama tu, wakaanza kuogopa nao. Hata hivyo, wale waliotangulia kuwaona wenzao wametulia mbele ya nyoka hawakuambukizwa hofu hiyo baadaye. Mzazi unayenisikiliza, hebu lifikirie hilo siku utakaporuka juu ya kochi kwa sababu ya mjusi, na mwanao anakutazama.

Njia ya tatu, ya kuambiwa, ndiyo tunayoitumia sana majumbani mwetu bila kujua. Mtoto akilia tunamwambia: "Nyamaza, daktari atakuchoma sindano!" Tunaligeuza jina la yule anayemponya kuwa jina la zimwi. Miaka 30 baadaye mtoto huyo ni mwanamume mzima, amekanyaga msumari wenye kutu, anajua kwamba anatakiwa kuchomwa sindano ya kumkinga na pepopunda, naye yuko nyumbani anajipaka mafuta ya taa. Ukimuuliza, anasema ana shughuli nyingi. Mficha maradhi kilio humfichua, na mara nyingine maradhi yenyewe anayoyaficha ni ile hofu ya kwenda kutibiwa.

Kwa wale wa sindano na damu niongeze neno moja. Hofu hii inatofautiana kidogo na nyingine, kwa kuwa baada ya moyo kwenda mbio, shinikizo la damu hushuka ghafla na mtu huweza kuzirai. Anayezirai akiona damu hajifanyi. Mwambie muuguzi mapema ili akulaze kitandani. Wataalamu huwafundisha watu hawa kukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa sekunde kadhaa, kisha kuilegeza na kukaza tena, ili damu isishuke. Ni jambo jepesi, na limewasaidia wengi.

Je, hofu iliyofundishwa yaweza kufutwa? Naam. Mwaka 1924, Mary Cover Jones, naye wa Marekani, alieleza habari za mtoto wa miaka karibu mitatu aliyeogopa sungura. Alimpa chakula anachokipenda, na wakati mtoto anakula, sungura akaletwa ndani ya kizimba, mbali. Siku nyingine akasogezwa kidogo. Hatua kwa hatua, mpaka mtoto akawa anampapasa sungura kwa mkono mmoja. Baadaye daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa amewatibu askari walioathiriwa na vita, aliifanya njia hiyo kuwa tiba yenye utaratibu na kuiandika katika kitabu chake cha mwaka 1958. Mgonjwa alifundishwa kulegeza mwili, kisha akaandika hofu zake kama ngazi, kuanzia ndogo hadi kubwa, na kuzipanda moja moja. Tiba nyingi za fobia zinazotumika leo duniani bado zinafuata hatua za namna hiyo.

Mimi nami niliandika ngazi yangu. Kipandio cha kwanza kilikuwa kukaa ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck, nikitazama kivuko cha Kamanga kikija na kuondoka. Tu. Binti yangu alikaa nami na karanga. Sharti lilikuwa moja: nisiondoke hofu ikiwa juu, nisubiri mpaka ishuke. Siku ya kwanza nilidhani haitashuka kamwe. Lakini hofu ni kama wimbi. Hupanda, hufika kileleni, kisha huanguka, kwa sababu mwili hauwezi kukesha katika hali ile. Nilikuwa sijui hilo, kwa kuwa tangu mwaka 1996 sikuwahi kuisubiri hadi mwisho wake.

Kipandio cha pili kilikuwa kupanga foleni getini, kisha kurudi. Cha tatu, kuingia ndani ya kivuko kikiwa kimefungwa, kusimama, na kutoka. Wafanyakazi walituruhusu, mmoja akaniuliza kama natafuta kitu nilichopoteza. Cha nne, kuvuka. Nilivuka nimefumba macho. Siku ya pili nilivuka nimefumbua. Ilichukua miezi mitatu. Ndipo nikapanda meli ya kwenda Nansio.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shemeji yangu, mume wa marehemu. Nilitaka kumwomba radhi kwa kutokuja msibani, nikamwambia ukweli wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Shemeji, sisi tulijua. Marehemu alikuwa akisema, mdogo wangu hatukimbii sisi, anayakimbia maji. Malaria gani inayompata mtu kila siku ya safari? Ndiyo maana alikuwa akija yeye. Alisema, nikimwuliza nitamwaibisha."

Ndugu msikilizaji, nilikaa kando ya kaburi nikawaza. Dada yangu alijua, nami nilikuwa namficha. Yeye alininyamazia kwa huruma, mimi nilimnyamazia kwa aibu, na miaka 20 ikapita. Laiti ningesema neno moja, pengine yeye ndiye angenishika mkono nikapanda ngazi ile.

Basi haya ndiyo ninayokuomba. Ukiwa na hofu, itaje mbele ya mtu mmoja unayemwamini. Ukiambiwa hofu ya mwenzako, usimcheke, na wala usimlazimishe. Kumtupa majini mtoto anayeogopa maji, au kumrushia kinyonga mtu anayemwogopa, hakumponyi, kunamwongezea. Msogeze kidogo kidogo, ukae naye mpaka wimbi lishuke. Na ikiwa hofu imekwisha kukunyima kazi, matibabu, ibada au ndugu, nenda hospitali, katika kliniki ya afya ya akili. Hakuna aibu.

Mimi sijapona kabisa. Mwaka 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, nilifurahi kuliko watu wengi, sitawadanganya. Lakini Ukerewe nakwenda kwa meli. Moyo bado unadunda ninapokanyaga daraja la kupandia. Nauliza maswali yangu, abiria wangapi, maboya wapi, nikijibiwa vizuri nakaa upande wa dirisha.

Mpaka juma lijalo, panapo majaliwa, kwaheri.